Milioni Moja na Tatu

Kisanduku tulikifungua Jumamosi, Katumba,
mvua ikipiga bati kama mtu anayedai.
Kufuli tatu, funguo tatu, wanawake watatu.
Tukahesabu noti, tukajumlisha na riba ya kwenye simu,
ile inayokuja na vishilingi visivyoshikika mkononi:
milioni moja na tatu.
Si elfu tatu. Tatu.

"Gawa," akasema Tumwitike, "tuachane salama."

Katiba yetu, ukurasa wa nne, mwandiko wangu mwenyewe:
*siku ya kuvunja kikundi, fedha zitagawanywa sawa
hadi shilingi ya mwisho, pasibaki kitu.*

Kwa kumi na watatu: zikabaki nne.
Aliyehamia Makambako hahesabiki, wakasema,
na marehemu hahesabiki.
Kwa kumi na mmoja: zikabaki nne.
Kwa saba, wale wenye kadi zilizojaa:
nne.
Nne zilezile, kama kuku wa jirani,
ukiwafukuza mlangoni wanaingilia dirishani.

"Unatuibia, Atuganile."
Hakuna aliyelitamka. Lilisemwa na mabenchi.
Kisha mmoja, sitamtaja, akatoa lile jingine
ambalo miaka yote halijakosa njia:
"Tasa huyu. Fedha anamwekea nani?"

Jioni Lusekelo wa jirani, kidato cha pili,
akaja kuomba kaa la moto. Akaliona daftari.
Akatafuna kidole.
"Mama, hii inaonekana tasa."

Nikashika mwiko.

"Namba!" akasema, akirudi kinyumenyume. "Namba tasa!
Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."
Akanifundisha, jicho lake kwenye mwiko:
usijaribu kwa zote, jaribu kwa tasa wenzake tu,
na usivuke elfu moja,
kipeuo chake cha pili kimeipita elfu kwa unywele.
Ziko mia moja sitini na nane.

Mia moja sitini na nane!
Nilizifanya kwa mkono, usiku, kwa kibatari,
umeme ukija na kwenda kama mkwe asiyeelewana na watu.
Kwa kumi na saba, baki kumi na mbili.
Kwa ishirini na tisa, baki ishirini na tano; moyo ukaruka.
Kwa thelathini na moja, tano.
Machi ikaisha, chai ikachumwa, ikachipua, ikachumwa tena.
Kwa mia tisa tisini na saba, ya mwisho kabisa,
baki kumi na mbili, sawa na ile ya kumi na saba,
kana kwamba nimeuzunguka mlima Rungwe wote
nikarudi na matope yaleyale.

Nikafunika daftari, nikalifikiria lile neno.
Aliyempa jina hilo hakumtazama vizuri.
Ni kweli hakuna wawili waliozidishana wakampata.
Lakini kuzaa, anazaa:
milioni mbili na sita ni wake,
milioni tatu na tisa ni wake,
hawana mwisho, na yeyote ukimpasua
utamkuta mama yumo ndani,
mzima, hajamegeka.

Nikarudi kwenye mabenchi, nikawaambia njia ziko mbili.
Achukue mmoja zote,
au tuwe watu milioni moja na watatu, kila mtu shilingi yake.
Tumwitike akahesabu kwa midomo:
Rungwe, Busokelo, Kyela.
"Hatufiki," akasema.
Hakuna aliyecheka. Halafu wote wakacheka.
Kufuli zikarudishwa, moja, mbili, tatu.

Jumamosi iliyofuata, yule aliyelisema lile neno
ndiye aliyetumbukiza noti ya kwanza, ya elfu moja,
akitazama nje, mvua.
Sasa ni milioni moja, elfu moja na tatu.
Lusekelo anauliza kila akipita: vipi, na hii?

Ndiyo kwanza nimeanza, mwanangu.
Kwa saba, baki tatu.